Kihindi cha Kwaya ya Mama

Jana usiku nilikosa usingizi kwa jambo dogo: je, nimpelekee mama nyimbo za ile filamu mpya ya Kihindi, au nitamtonesha kidonda? Tangu tumzike baba hajaimba, hata kanisani. Asubuhi jirani alizicheza huku akijipaka mafuta ya nazi, na harufu ile ikanirudisha barazani kwetu Mjambere.

Mama alikuwa akinisuka, kichwa changu kati ya magoti yake, redio ikiimba Kihindi. Hakujua neno hata moja. Alishika sauti tu, akaitilia maneno ya Zaburi, na kila alipotafuta neno alijisahau akanivuta nywele. Jumapili kwaya yake ikauimba wimbo huo. Sisi watoto tuliokwisha kuiona filamu yenye wimbo ule tukaanza kutikisa shingo kama wachezaji wake, kanisa zima likacheka.

Njiani baba akamtania: "Bibie, leo ulimwimbia Mungu au yule kijana wa kifua wazi wa kwenye filamu?"

"Mungu anakijua Kihindi," mama akajibu. "Wewe ndiye hukijui."

Baba alicheka hadi akashika ukuta wa nyumba ya watu.

Mchana huu nimeacha kujiuliza. Nimenunua mafuta ya nazi, nikaenda kwa mama, nikamwamkia, nikaketi miguuni pake na kumwomba anisuke. Kisha nikawasha kwenye simu wimbo mmoja wa ile filamu mpya. Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu. Nikajuta. Ulipokwisha, akasema, "Hebu rudisha pale mwanzo."

Nikarudisha. Punde akanivuta nywele.