Dorca Hakupendekeza Kitabu Bure

Dorca Akello hakuwahi kumpendekezea mtu kitabu kwa nia safi, na asiyelijua hilo pale mtaani Migosi alikuwa mgeni. Alishona sare za shule, na ulimi wake ulichoma kuliko sindano zake. Jumamosi mchana wasomaji watano walikutana dukani mwake, na mwenye zamu alipendekeza riwaya mpya ambayo wote wangeisoma kabla ya kukutana tena. Zamu ya Dorca ilifika mara nyingi kuliko ya wengine. Nani angeuliza? Viti vilikuwa vyake na chai ilikuwa yake.

Wanawake wengine wakitaka kumsema mtu hujifunga leso yenye maneno. Dorca alitumia riwaya.

Walter, kiongozi wa kwaya, aliachwa na mkewe, aliyerudi kwao Bondo. Walter akawa anatangaza kanisani kwamba mkewe amekwenda tu kumuuguza mzazi. Basi Dorca akapendekeza hadithi ya upelelezi kuhusu mume aliyewaambia majirani kwamba mkewe yuko kwa mamake, kumbe mke yuko chini ya sakafu ya jikoni.

"Ni kali sana, Bwana Walter," alimwambia akimkabidhi. "Wewe soma pole pole."

Walter alikisoma chote, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni. Jumamosi iliyofuata alikaa akitazama viatu vyake huku wenzake wakijadili ni wapi walianza kumshuku yule mume.

Halafu zamu ya kuumia ikamfikia Prerna, mwenye duka la vitambaa mjini. Binti yake alikuwa ameolewa na dereva wao bila ruhusa ya nyumbani. Hata machozi ya mama hayajakauka, Dorca akaleta riwaya ya mapenzi ya binti tajiri na dereva wa lori. Prerna aliirudisha mezani kwa vidole viwili.

"Huyu mwandishi anafikiri mama hana roho," alisema.

Dorca akacheka, peke yake.

Utauliza kwa nini hawakuondoka. Shida ni kwamba vitabu vyenyewe vilikuwa vizuri. Yule mwanamke mwenye roho ya pilipili alijua kuchagua, na mtu alijikuta anatukanwa huku akifungua ukurasa mwingine.

Kikundini Caren peke yake ndiye ambaye hakuguswa. Yeye na Dorca walipanga chumba kimoja enzi za usichana wao, na mume wa Caren alipofariki, Dorca ndiye aliyemshonea nguo ya msiba na kulala kwake hadi alipoweza tena kula. Dorca hakuwa na rafiki mwingine duniani, na alijua hivyo.

Ndipo akakutana na riwaya ya zamani za mkoloni. Mwanamke wa huku ziwani, mumewe kachukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya vita na hakurudi. Wakwe wanataka arithiwe na shemeji. Anakataa, anafanya biashara ya nafaka, anajijengea nyumba kwa mkono wake. Dorca aliisoma kwenye cherehani akalia mpaka akalowesha shati la mtoto wa watu. Kila ukurasa alimwona Caren. Kwa mara ya kwanza maishani alitaka kumpa mtu kitabu kwa sababu ya upendo.

"Hiki nimekichagua kwa ajili ya Caren," alitangaza Jumamosi ile.

Wenzake wakatazamana. Caren alikitia mkobani.

Wiki iliyofuata alifika kabla ya wengine na hakukaa.

"Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Usinichezee, nyar Sondu." Alimwita hivyo, msichana wa Sondu, mambo yakichemka tu. "Shemeji yangu Odongo ananijengea nyumba kule boma. Nimekubali anirithi. Kikundi yote inajua. Na wewe unaniletea kitabu ya mjane anatemea shemeji mate kwa mlango?"

Dorca hakuwa na habari. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu jambo likimfikia Dorca hurudi likiwa na jalada.

"Caren, haki ya Mungu sikujua. Nilikupea kwa sababu nakupenda."

"Kama vile ulipenda Walter? Kama vile ulipenda Prerna?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Caren akaondoka. Tangu siku hiyo wasomaji walihamia sebuleni kwa Prerna. Dorca alivipanga viti vyake ukutani na kuwalaani mmoja mmoja, mpaka wateja wakawa wanachukua sare zao na kutoka haraka.

Mwezi ulipita. Siku moja Caren akaingia na kuweka riwaya ya mapenzi juu ya cherehani.

"Tumesoma hii kwa Prerna. Soma, nitakuja kuchukua."

Dorca aliisoma kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Alijua umo. Alimshuku shangazi mchoyo, lakini shangazi alisamehewa mwishoni, na kikundi kisingemsamehe yeye. Akamshuku msusi mmbea, lakini msusi alikuwa kijana. Akamshuku jirani mwenye wivu, akarudia maneno yake yote, hata kikohozi chake. Alipomaliza alikuwa amejaa hasira, kwa jinsi tusi lenyewe lilivyofichwa kwa ustadi.

Caren alipokuja, hata salamu hakupewa.

"Haya. Mimi ni nani humu? Shangazi? Ama yule msusi? Sema tu, siogopi."

Caren alimtazama. Usoni mwake hamkuwa na huruma, mlikuwa na uchovu.

"Wewe hauko humo, Dorca. Ni hadithi tu. Nilisoma nikasema, hii Dorca atapenda."

Akakichukua kitabu, akakitia mkobani. Mlangoni akageuka.

"Na vile walipatana tena pale kwa daraja, mwisho. Haukulia?"

Dorca alimkumbuka shangazi, na msusi, na jirani neno kwa neno. Lakini hakukumbuka daraja lolote, wala kama wale wapenzi walioana.