Mapipa Yaliyopita Bila Kunuswa

Kiwandani kwetu tulimwita Mama Pua, na hakuchukia. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna pipa la mafuta ya zeituni lililomiminwa kwenye tangi kubwa bila yeye kulipitisha. Alionjea kwenye glasi za bluu ili rangi isimdanganye, maana watu husifu ukijani utadhani macho ndiyo yanayokula. Aliipasha glasi kwa kiganja, akanusa, akapiga funda. Mafuta mazuri, alisema, hunukia jani bichi, huwa machungu ulimini, kisha huwasha koo mpaka ukohoe. Zeituni zikilala guniani siku mbili kabla ya kukamuliwa, mafuta huvunda, na pipa moja bovu huharibu tangi zima.

Asubuhi ile bosi alimletea glasi. Mimi nilikuwa nasafisha mashine hatua tatu kutoka pale, masikio yakifanya kazi kuliko mikono. Mama Pua akanusa. Akanusa tena. Akaonja, akakohoa vizuri tu, na bosi akachukua kalamu.

“Usiandike,” akasema. “Pua yangu haisikii kitu, bosi. Tangu yale mafua.”

Mafua yenyewe yalikuwa na wiki tatu. Wiki tatu nzima alipitisha mapipa kwa ulimi na koo tu, akimwomba Mungu pua irudi. Mapipa kumi na tisa, jasho la nyumba arobaini. Bosi alikaa juu ya ndoo. Mimi nilimkasirikia, sifichi. Zeituni zetu, mimi na mke wangu, zilikuwa mlemle.

Bosi akauliza nani mwingine anajua kunusa. Ndipo mdogo wake Mama Pua, mwosha glasi ambaye hatukuwahi kumuuliza neno, akafuta mikono, akapanda ngazi ya tangi na kufungua mfuniko. Aliinama muda mrefu. Sisi chini tulikodolea macho visigino vyake, roho mkononi.

“Ni safi,” akasema.

Bosi hakuamini. Yule mwosha glasi akashuka taratibu, akachukua glasi mkononi mwa dada yake, akainusa. Mapipa mabovu yalikuwa matatu, akaeleza, na hili la leo la nne. Kila glasi iliyofika kwenye sinki aliinusa kabla ya kuiosha; pipa likiwa bovu, alilibandika karatasi iliyoandikwa “sabuni” kabla halijamiminwa. Ni kweli, niliyasukuma mimi mwenyewe hadi kwa wapika sabuni. Karatasi ikisema sabuni, mimi ni nani nibishe?

Mama Pua akamgeukia mdogo wake.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza, dada.”

“Na hukuniambia?”

“Ningekuambiaje? Wazazi walipotutoka, pua hiyo ndiyo iliyonilea.”