Wenyeji wa Tangi la Bibi

Jumapili iliyopita nilikuwa nimechuchumaa bafuni nikikamua sponji ya tangi la samaki kwenye ndoo. Maji yalitoka ya kahawia, na harufu yake ikanipanda puani, ile harufu ya tope la korongo baada ya mvua ya kwanza. Binti yangu akasimama mlangoni, akakunja uso, kisha akaniletea sabuni ya vyombo bila kuambiwa. Nia yake ilikuwa njema. Nilimshika mkono nikacheka, halafu nikajikuta sicheki tena, maana akili yangu ilikuwa imeshahamia Tabora, sebuleni kwa Bibi.

Sijui kama na wewe ulikulia kwenye nyumba yenye samaki wasioliwa. Sisi tulikulia humo, na tulichekwa sana. Watoto wa mtaani walituuliza kila siku tutawakaanga lini. Babu, aliyekuwa na duka la vitambaa, alilileta lile tangi kwa treni kutoka Dar es Salaam, vioo vimezungushiwa magunia, naye akakaa nalo safari nzima kama mtu anayesafiri na mgonjwa. Aliliweka sebuleni, kati ya saa ya ukutani na kabati la vikombe vya kahawa ambavyo hatukuruhusiwa kuvigusa. Samaki wenyewe walikuwa wa rangi ya chungwa, na mkubwa wao alikuwa na mkia uliochanika, tukamwita mkia-chane. Samaki huyo, Babu alikuwa akimsalimia asubuhi kabla ya kutusalimia sisi.

Kwenye kona ya tangi kulikuwa na kichujio alichokitengeneza mwenyewe: kopo la plastiki lililotobolewa matundu, ndani yake kipande cha sponji ya godoro na vipande vya tofali la kuchoma vyenye ukubwa wa kokwa la tende. Pampu ndogo ya hewa iliyafanya maji yapite humo, na mngurumo wake ndio uliotubembeleza usingizi wa mchana. Umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika kweli, tulipokezana kuchota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina juu ya lile kopo, huku tukitafuna matobolwa na karanga. Viazi vile vilivyochemshwa vikakaushwa ni vigumu, vinataka meno na subira, na kazi yetu ilitaka subira hivyohivyo.

Babu alitueleza mambo ya lile kopo kwa namna ambayo hata mtoto angeielewa. Samaki hujisaidia mlemle wanamoishi, na uchafu wao huwa sumu. Lakini kwenye sponji, na kwenye vitundu vya tofali, wanaishi vijidudu wasioonekana ambao chakula chao ni hiyohiyo sumu. Aliwaita wenyeji. "Hawa samaki ni wageni tu," alikuwa akisema. "Wenye mji wako kwenye kopo." Kwa hiyo sponji ilikamuliwa kwenye maji yaliyotolewa tangini, kamwe si ya bomba, kwa sababu dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba ingewaua. Sabuni ndiyo usiseme. Na sponji na matofali havikuguswa siku moja. Kimoja kikisafishwa, kingine kiliachwa na uchafu wake mpaka wenyeji wazaliane upya.

Usafi wa Bibi, nikwambie, ulikuwa karibu na ugonjwa. Sufuria zake ungeweza kujitazama ukachana nywele. Lakini baada ya Babu kufariki aliishika ile kazi kama ilivyo, akakamua sponji yake kwenye ndoo akiwa amegeuza uso pembeni, akiguna, na akairudisha koponi ikiwa bado chafu. Hakuna alichokifanya nyumbani mle kwa upendo mkubwa kuliko huo, ingawa mdomoni alilalamika tu.

Mwaka mmoja Shangazi, binti yake Bibi, alirudi kutoka Urambo. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Alishuka stesheni na sanduku moja, na mtaa mzima ukawa na la kusema. Hakuna aliyemwambia neno baya usoni, lakini watu wa kwetu wanajua kuuliza "utakaa nasi mpaka lini?" kwa sauti tamu kabisa. Naye akaishi mle kwa woga. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula, akafua hata nguo safi. Akikaa kitini alikaa ukingoni. Nilimpenda, kwa sababu alitusimulia hadithi akituchambulia mchele, na iliniuma kumwona akiomba ruhusa ya kunywa chai kwenye nyumba aliyozaliwa.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, Bibi akaenda Puge kwenye msiba wa ndugu, akaacha nyumba mikononi mwa Shangazi. Kwetu siku zile za mwisho kila kitu hutolewa nje: mazulia, mapazia, magodoro, hata chokaa hupakwa upya. Shangazi alikusudia mama yake akirudi aikute nyumba inameta. Alipomaliza kuta na vyombo, akalitazama tangi. Yeye alikuwa ameshaolewa Babu alipolileta, hakuwahi kufundishwa. Sisi watoto tulikuwa tumetumwa kwa fundi cherehani kupimwa nguo za sikukuu. Tuliporudi tulikuta vioo vinang'aa, changarawe nyeupe, sponji imefuliwa kwa sabuni na kuanikwa kambani, matofali yamesuguliwa moja moja kwa brashi na maji ya bomba. Kopo lilikuwa safi kama siku lilipotoka dukani. Shangazi alitutazama akingoja tumsifu, nasi tukasema limependeza, kwa kuwa kweli lilipendeza.

Baada ya hapo maji yakaanza kuwa meupe, kama yametiwa tui. Samaki wakapanda juu, midomo nje, wakihema. Mdogo mmoja akafa, kisha mwingine. Bibi aliporudi alisimama mbele ya tangi akiwa bado na baibui lake, na mkia-chane alikuwa amelala ubavu. Shangazi akaeleza alichofanya, akaanza kukunja nguo zake.

Bibi alinituma mbio nyumba ya tatu, kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa mwanamke Mkristo, Mmoraviani, aliyetufundisha hesabu wote mtaani, na alikuwa na tangi dogo alilopewa na Babu. Akaja hapohapo na bakuli lenye nusu ya sponji yake, nyeusi, ikitiririka maji kwenye kanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wenyeji wamekwisha."

"Basi nimekuletea wangu."

Wakaisukuma ile sponji chafu koponi. Wakayabadilisha maji kidogo kidogo kwa yale yaliyolala kwenye pipa, ambayo dawa yake ilikuwa imeshatoka, na tukakatazwa kuwalisha samaki. Shangazi ndiye aliyebeba ndoo zote. Hakuna aliyemwambia abebe, na hakuna aliyemwambia atue.

Sikukuu ikatukuta maji bado yana ukungu. Nyumba ilinukia biriani na udi, kaimati zimejaa sinia, na wageni wakaja kama kawaida, wanawake wa mtaani na mavazi yao mapya. Wote waliliona tangi. Mmoja wao, jirani yetu mwenye ulimi usiolala, akaweka kikombe chini.

"Jamani, samaki wa marehemu! Nani kawafanya hivi?" Na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Shangazi, aliyekuwa mlangoni ameshika birika la kahawa. Nilimwona akifungua mdomo.

"Mimi," Bibi akasema. "Nimewaosha kwa sabuni, mama wee. Macho haya na uzee huu, nikadhani nasugua sufuria. Ah, binti yangu ndiye kaniokolea waliobaki. Asingekuwa hapa wangekufa wote. Njoo, mwanangu, weka birika hilo, ukae."

Wakacheka, wakampa pole ya uzee. Bibi, ambaye hakuwahi kukubali kwamba ameunguza hata chapati moja! Shangazi akakaa kando yake, na safari ile akaegemea kiti. Hakuondoka tena. Mkia-chane akapona, na kazi ya kukamua sponji ikawa yake, mpaka Bibi mwenyewe alipokuwa mtu wa kulishwa kwa kijiko, naye Shangazi akamlisha.

Bibi alifariki Shangazi akiwa na mvi. Kwenye khitma yake wanawake walikaa mkekani wakikumbushana mambo ya marehemu, na jirani yule yule, sasa hana meno, akaanza kuwachekesha kwa kisa cha Bibi kuosha samaki kwa sabuni. Shangazi akaweka sinia chini.

"Hakuwa yeye," akasema. "Nilikuwa mimi. Alinifichia."

Jirani akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa jua huchomoza asubuhi.

"Mwanangu, mikono yako ilikuwa imebabuka kwa sabuni. Tulijua palepale. Lakini mama yako alikuwa ameshasema."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa, Mwalimu naye, wote. Shangazi akajifunika kanga usoni akalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Bibi.

Nyumba ile sasa ni duka la simu, na wengi wa waliokaa mkekani siku hiyo wamekwisha kwenda. Samaki ninao, sponji ninajua kuikamua, na binti yangu naye ameanza kujua. Ninachokikosa mpaka kinaniuma kifuani ni sebule ile: watu wazima waliojaa chumba kizima, pamoja na yule mwenye ulimi mrefu kuliko wote, wanaujua ukweli, wanakunywa kahawa yao, na kwa miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyeutamka.