Sindano Alizonipa Shosho

Duka la nyuzi lililokuwa nyuma ya soko la Kitale lilinuka kama kondoo ambaye hajawahi kunyeshewa. Nje, Julai ilikuwa ikimwaga manyunyu yake ya baridi, viatu vya wateja vilijaa udongo mwekundu, na moshi wa mahindi ya kuchoma ulikuwa umeganda kwenye nguo za kila mtu. Lakini ukivuka kizingiti cha duka hilo uliingia katika ukavu mwingine kabisa, ukavu wa rafu zilizojaa madonge ya uzi kutoka sakafuni hadi darini, zambarau juu ya kijani, kijani juu ya rangi ya maziwa. Shosho, mama yake baba, hakuwa mtu wa kushikashika vitu vya watu, ila humo mikono yake ilikuwa ya mtoto. Alichukua donge, akalisugua polepole chini ya kidevu chake, akafumba macho. "Mtoto mchanga ngozi yake yote ni kama hapa," aliniambia. "Ikikuwasha wewe kidogo, yeye atalia usiku kucha." Tulichagua manjano, manjano ya kiini cha yai la kienyeji, namba thelathini na nne. Namba hiyo ilichapishwa kwenye karatasi iliyozungushiwa kila donge, na Shosho aliikariri njiani kama mtu aliyetumwa.

Shali ile ilikuwa ahadi yangu. Nilikuwa darasa la sita, na Mwalimu Nekesa, aliyetufundisha Kiswahili, alikuwa anakaribia kujifungua. Ndiye aliyekuwa akisoma insha zangu mbele ya darasa kwa sauti iliyofanya sentensi zangu za kawaida zionekane zimevaa nguo za Jumapili. Wenzangu walipoahidi sabuni na vikombe, mimi nilisimama nikasema nitamfumia mtoto shali kwa mikono yangu mwenyewe. Mwalimu alinitazama kwa namna ambayo ningeweza kuishi juu yake wiki nzima bila chakula. Sikuwa nimewahi kufuma kitu kinachozidi kiganja.

Nilianza kwa bidii ya kutisha. Vitanzi viliniponyoka, nikaviokota pasipo pake, na baada ya siku nne nilikuwa na kitu kilichoanza kikiwa kipana na kuishia kama mkia. Shosho alikigeuza, akakitazama, hakucheka. "Wacha nishike kidogo," alisema. Akavuta ncha ya uzi na kazi yangu yote ikafumuka mapajani pake. Kuanzia hapo alifuma yeye. Kila alasiri aliketi mlangoni, kwenye mwanga, sindano zikigongana taratibu, na shali ikashuka kutoka mikononi mwake ikiwa na ukingo wake wa mawimbi madogo ambao hakuna mwanamke mwingine kanisani kwetu aliyeuweza. Akina mama wa chama chao walikuwa wamemwachia yeye kazi hiyo tangu zamani: akizaliwa mtoto, uzi unapelekwa kwa Shosho. Mimi nilikunja madonge. Nilifuma pia mistari miwili, kwa sababu nilimwomba, na mistari hiyo ilibana kama midomo ya mtu anayeficha jambo.

Uzi ulitupungukia ukingo ukiwa haujafika nusu, na Kitale namba ile ilikuwa imekwisha. Tulienda Bungoma, kwenye duka dogo la mama mmoja mnene mwenye kicheko, na Shosho akalitoa kila donge la manjano mlangoni kulitazama kwa jua.

"Mama, unakagua uzi kama mtu anatafutia kijana yake bibi," mwenye duka alisema.

"Bibi mbaya ataenda kwao," Shosho akamjibu bila kuinua kichwa. "Uzi mbaya utabaki hapo kwa shali, kila mtu akiuona. Hii si rangi yake. Hii imekaa kwa jua."

"Haya basi, chukua hii ya chini. Iko moja tu imebaki. Macho yako ni ya kijana, bana."

Shosho alitabasamu njia nzima. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Mtoto alizaliwa likizo ya Agosti, mvulana, na akina mama wa kanisa, Shosho akiwa kati yao, wakaenda kumwona nyumbani kwa Mwalimu, Kabuchai, miwa ikiwa imesimama pande zote za boma. Walibeba unga wa wimbi, sukari, ndizi. Mimi nilibeba shali ndani ya karatasi. Mwalimu Nekesa aliikunjua, akamfunika mtoto, akapitisha kidole kwenye mawimbi ya ukingo. "Shiru," alisema, "hii yote ni mkono wako?" Ningeweza kusema tulisaidiana. Ningeweza kusema mistari miwili. Nilisema, "Ndiyo, mwalimu."

Mama Kamau, rafiki wa Shosho, aliinama akatazama. "Ati? Na huu ukingo si ni wako, Shosho? Kwani hukushika hata kidogo?"

Chumba kizima kilimgeukia Shosho. Shosho alinitazama kwa muda usiotosha kumeza mate. Kisha akasema, kwa sauti nyepesi, "Mimi? Macho yangu yalikwisha. Hata vitanzi sivioni siku hizi. Ni yeye." Akaingiza mkono ndani ya kiondo, akatoa sindano zake za chuma alizotembea nazo kila mahali, akaziweka mikononi mwangu. "Na hizi ni zake sasa." Walipiga makofi. Nami nilisimama katikati ya makofi hayo nikitabasamu, kwa kuwa sikujua uso mwingine wa kuvaa. Tukirudi nyumbani nilingoja anigombeze. Aliniuliza tu, "Umeshiba?"

Kilichofuata kilikuja kwa upole, na ndiyo maana hakuna aliyekizuia. Mtoto aliyefuata alipozaliwa, uzi ulipelekwa kwa mama mwingine. "Tusimchoshe Shosho na macho yake," walisema. Walimletea maparachichi. Walimshika mkono kuvuka mtaro wa kanisani, naye akashikwa, yeye aliyeweza kumwona mwewe angani kabla vifaranga hawajamwona. Ibadani aliacha kufungua kitabu chake cha nyimbo. Alikiweka mapajani akaimba kwa kichwa. Alikuwa ameulinda uongo wangu, na ilibidi aishi ndani yake.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni kwa njia ya nyuma ya ghala. Shosho alikuwa ameketi hapo, mbali na mlango wake. Mikononi alikuwa na spoki mbili za baiskeli, na kwa spoki hizo alikuwa akifuma uzi aliouchomoa kwenye gunia la mahindi. Ukingo wa mawimbi. Jirani alipoita hodi, Shosho alivisukuma vyote chini ya aproni, akakaa na mikono mitupu kama mzee asiyeona. Sindano zake zilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya madaftari, sijazigusa. Hatua ishirini kutoka pale alipoketi. Niligeuka nikazunguka ghala upande wa pili, ili asijue nimemwona. Alifariki nikiwa kidato cha pili.

Mwaka jana nilifika Bungoma kwa shughuli za kitabu changu, nikaenda hadi Kabuchai. Mwalimu Nekesa amestaafu. Mtoto wa shali ni mwanaume mwenye ndevu. Nilimwambia yote.

"Kwa hivyo macho yake yalikuwa mazima," alisema.

"Yalikuwa mazima, mwalimu."

Aliingia chumbani akarudi na mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na madonge manne ya manjano, karatasi zake bado zimeyazunguka, namba thelathini na nne. "Nilipopata mtoto wa pili nilinunua hii nimpelekee Shosho, maana Mama Kamau alisema ukingo ule ni wake," alisema. "Nikafika nayo mpaka Kitale. Halafu nikakumbuka macho yake, nikaona nisimsumbue mama ya watu."

Siku hizi duka lile la nyuma ya soko linauza kava za simu. Jina langu liko kwenye jalada la kitabu, peke yake, na watu hunisifu kwa hadithi nilizosikia mlangoni pa Shosho nikikunja madonge. Nilijifunza kufuma nikiwa mtu mzima, kwa watu wengine. Uzi alionipa Mwalimu haunuki tena duka. Unanuka sanduku na miaka. Nimeuanza kwa zile sindano za chuma, polepole, na mistari yangu bado inabana. Sifumi chumbani. Naketi mlangoni, kwenye mwanga, mahali ambapo kila anayepita ananiona, na akiuliza ni nani aliyenianzisha, namtajia Shosho.