Lori la Gwata na Ndoo za Maji

Ponsiano hakuwa na marafiki pale karakana ya Kibaha, wala hakuwatafuta. Alijifunza ufundi kwa mapadri kwao Mahenge, na tangu ahamie Pwani hakuona mtu aliyejua gari. Mafundi wenzake aliwaita wapiga ramli: injini ikigoma wanabadilisha hiki, wanabadilisha kile, ikiwaka kwa bahati wanajisifu.

Mwaka 1976 alitumwa Gwata. Lori la kijiji lilikuwa limegoma wiki tatu na korosho zimejaa ghalani. Mwenyekiti wa kijiji, Abeid, alimpokea kwa maelezo marefu. Betri wameweka mpya, plagi wamebadilisha, wamelisukuma mpaka vijana wakaishiwa pumzi. Mwishowe halmashauri ya kijiji ikakaa na kuamua kuwa ni hujuma, na mhujumu ni dereva, Kondo. Barua ya kumshtaki wilayani ilikwisha kuandikwa. Lilibaki neno la fundi.

"Mmebadilisha na mmekutana," alisema Ponsiano. "Kupima je?"

Hakungoja jibu. Akataka Kondo akae kwenye usukani. Mwenyekiti akakataa, mtuhumiwa asiliguse lori.

"Basi panda wewe, ndugu mwenyekiti."

Mwenyekiti hakujua hata ufunguo unazungushwa upande gani. Kondo akapanda.

Stata ilizungusha injini kwa nguvu, kwa hiyo betri haikuwa na kosa. Ponsiano akafungua paipu kwenye kabureta; petroli ikaruka. Mafuta yapo. Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma, Kondo akapiga stata: hakuna cheche. Akarudi nyuma hadi waya mnene utokao kwenye koili, inayokuza umeme wa cheche, napo hakuna. Ndipo akafungua distributa, kikombe kinachogawia plagi umeme. Ndani mlikuwa na tope lililokauka, na platini, vile vyuma viwili vinavyokata na kuunga umeme ili cheche itoke, zimeota kutu.

"Nani aliosha injini?"

Bi Biasha, kiongozi wa akina mama, ndiye aliyejibu.

"Sisi wanawake, kwa amri. Alikuwa anakuja mgeni wa mkoa, mwenyekiti akataka lori ling'ae mpaka tumboni. Tulimwaga ndoo kumi na mbili za maji ya lambo."

Ponsiano akasonya. Alisugua platini kwa msasa, akafuta tope, akafunga. Kondo alipopiga stata, lori likanguruma.

Mwenyekiti akamvuta pembeni, akamwomba aandike kwamba uharibifu ulikusudiwa, maana heshima ya uongozi ilikuwa hatarini. Ponsiano akampandisha akamshusha kwa macho, kisha akaandika taarifa yake palepale juu ya boneti: injini iliingia maji, ilioshwa kwa amri ya mwenyekiti.

Barua ya mashtaka ikachanwa. Kondo akamfuata fundi kumshukuru, na katika kushukuru akakiri kwamba siku ile ya kuosha alikuwapo. Alijua maji yataharibu, ila aliogopa kumsahihisha mkubwa.

"Wiki tatu ulikuwa unajua," alisema Ponsiano. Mkono aliopewa hakuupokea.

Haukupita mwaka, mwenyekiti akapeleka malalamiko kwamba fundi yule anadharau viongozi. Ponsiano akahamishiwa Kisarawe, kwenye karakana isiyo na hata jeki nzima, na huko akadumu miaka mingi bila kupandishwa cheo. Mkubwa wake mpya alimwuliza kama malalamiko yale yalikuwa ya kweli. Akajibu kwamba ni kweli, akarudi chini ya gari.