Chumba Kisichotoa Sauti

Sipendi muziki wa vinanda. Kwaya ikianza kupandisha sauti kanisani, mimi hutoka nje nikasimama na wale wanaofunga baiskeli zao. Wajukuu wangu hunicheka, wananiita mzee wa kununa. Wacha wacheke. Masikio yangu yote mawili yanasikia vizuri hadi leo, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi seremala niliyefunzwa misheni huko kwetu magharibi, nilipoandikwa kazi katika shamba moja la mahindi na ng'ombe upande wa Moiben. Mwenye shamba tulimwita Kaburu, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, wakati zile santuri kubwa za kucheza muda mrefu zilipoanza kufika katika maduka ya Wahindi mjini Eldoret. Kaburu alizinunua kwa pupa. Kila Jumamosi alirudi na moja chini ya kwapa, ameikumbatia vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akimkumbatia mtoto wake.

Alikuwa na ugomvi na kila kitu chenye sauti. Ndege wa shingo ndefu waliotua kwenye mikaratusi alfajiri aliwapiga risasi. Mbwa wake mwenyewe, aliyebweka santuri ikicheza, alimpiga teke mpaka mbavu zikavunjika, kisha akamwagiza mtunza bustani amzike. Halafu zamu ya majogoo ikafika. Jumapili moja mchana, watu wakitoka kusali, alishuka hadi kambi ya wafanyakazi na bunduki ya marisau akaua kila jogoo aliyemwona. Mmoja alikuwa mikononi mwa mama mzee, naye aliambiwa amweke chini kwanza. Tulikula nyama wiki hiyo. Tangu siku hiyo ikawa sheria: kuku wa kike ruhusa, jogoo marufuku.

Hata hivyo hakuridhika. Ndipo akaniita, akanionyesha karatasi zenye michoro kutoka ng'ambo, akaniambia nimjengee chumba cha kusikilizia santuri peke yake. Humo hakuna kulala wala kula.

"Kelele ya nje hapana ingia," alisema. "Na yangu hapana toka."

Nilimwita kaka yangu mkubwa kutoka nyumbani aje anisaidie, maana kazi ilikuwa nyingi na chakula kilikuwepo. Kaka hakuwa na ufundi. Alikuwa na mabega, ucheshi na subira, vitu ambavyo mimi sikujaliwa. Aliniita "Fundi" kwa kejeli, kwa vile ni yeye aliyenibeba mgongoni nikiwa sijui hata kufuta kamasi.

Kule misheni, mwalimu wetu alitupiga rula vidoleni kila pembe ya meza ilipokosa kuwa mraba. Sasa nikapata mtu wa kunipiga ikiwa mraba. Kaburu alitaka kuta zisitazamane, kila moja iegemee kidogo upande wake, ati sauti isigonge huku na kurudi. Mimi nilidhani amekosea mchoro, nikamsaidia kwa kunyoosha. Alikuja, akasimama katikati, akapiga makofi mara moja, akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akachukua nyundo kubwa akauvunja ukuta wangu wa siku tatu, mbao zikaruka, moja ikanichana paja. Nilijenga upya, kombo kama alivyotaka, na niliona aibu kila nilipoutazama.

Ukuta ulikuwa wa tabaka mbili za mbao, na katikati nafasi ya upana wa kiganja. Kazi ya kaka ilikuwa kushindilia manyoya ya kondoo katika nafasi hiyo. Alishindilia kwa mti, kutwa, akikohoa vumbi la manyoya. Sanduku la spika tulilijenga kwenye pembe, mbao mbili na mchanga mkavu katikati yake, na lilikuwa zito hivi kwamba wanaume sita walilisogeza kwa kutukana. Milango ilikuwa miwili, mmoja nyuma ya mwingine, imezungushiwa ngozi ya ng'ombe, na madirisha yaliwekwa juu, ya vioo viwili viwili. Injini ya kufua stima ilihamishwa hadi ng'ambo ya josho la ng'ombe, ndani ya shimo. Nisiwe mnafiki, nilijivunia kile chumba.

Kwetu kijijini fundi hafungi nyumba mpaka mwenye nyumba amletee jogoo. Unaacha mahali pamoja wazi, padogo, pasipoonekana. Jogoo akishafika mkononi mwako, ndipo unapafunga. Ukipafunga bila jogoo, mkosi unakwenda kwa mtu wa damu yako. Babu yangu alijenga hivyo, na mimi pamoja na misheni yote niliyosoma sikuwa nimejenga vingine.

Basi na pale niliacha. Chini ya dirisha, ukuta wa nyuma unaotazama njia ya changarawe na baraza ya nyumba, nilimwambia kaka, "Hapa usishindilie. Hapa ni pangu." Alitabasamu, akapaacha bila manyoya. Ubao wa nje niliofunikia mahali hapo niliupigilia msumari mmoja tu, ili iwe rahisi kuung'oa siku yenyewe.

Siku ya mwisho nikamwendea Kaburu, kofia mkononi, nikamwomba jogoo. Sasa ninapoandika naona ujinga wangu ulivyokuwa mkubwa. Katika shamba ambalo majogoo wameuawa kwa bunduki, mimi naenda kumwomba muuaji mwenyewe anipe mmoja. Lakini sikuona hivyo. Niliona desturi, na fundi aliyemaliza kazi.

Alicheka kwanza. Kisha akaona sicheki. "Mimi naua jogoo yote, wewe nataka leta ingine?" Akanicharaza vidole kwa kiboko, mara mbili, mkono wa kulia. Nilikwenda zangu nikinyonya damu, na kwa ukaidi nikapaacha mahali pale vilevile, wazi. Nilijiambia kwamba jogoo wangu atalipwa au nyumba ya mtu huyu haitafungwa milele.

Siku ya tatu baadaye, saa tisa alasiri, Memsahibu alikuwa ameketi barazani anafuma sweta. Akaenda kugonga mlango, akamwambia mumewe kwamba anasikia vinanda. Kaburu alitoka mle chumbani akazunguka nyumba, akarudi shingo imemwiva. Akatuita sote wawili.

"Nani naweka manyoya?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari kufunguka. Naapa ulikuwa tayari. Lakini vidole vyangu bado vilikuwa vimevimba, na nilivitazama, na katika kule kuvitazama kaka akatangulia.

"Ni kazi yangu, Bwana."

Kaburu alimshika kola. Mimi akanipa chaki. "Muziki sauti ndogo, hapana weza tafuta pahali," alisema. "Huyu iko na sauti kubwa. Wewe simama nje. Pahali nasikia, weka alama, halafu gonga mlango."

Akamwingiza kaka yangu chumbani, milango yote miwili ikafungwa.

Mwanzoni kulikuwa kimya kweli. Nilisikia ng'ombe mbali na sindano za Memsahibu zikigongana. Nilizunguka ukuta wa upande, kimya. Nikafika ukuta wa nyuma, kwenye changarawe, na pale chini ya dirisha sauti ikanifikia miguuni. Kiboko kwanza, halafu kaka. Niliinama. Nilisikia kila neno.

"Fundi nasema wewe acha pahali wazi?"

"Hapana, Bwana. Nilisahau mwenyewe."

Kiboko tena. Kulifuata kishindo cha mtu kuanguka kwenye sanduku la mchanga.

Chaki ilikuwa mkononi mwangu. Alama moja, hatua kumi hadi mlangoni, kugonga, basi. Lakini Memsahibu alikuwa ameacha kufuma, ananitazama. Nikafikiri, nikipaweka alama mara moja hivi, watajua nilikuwa napajua. Watajua ni mimi. Nikainuka. Nikatembea hadi pembe ya mbali, nikabandika sikio ukutani kama mtu anayetafuta. Nikaenda dirisha la pili. Nikarudi hadi pembe nyingine, nikagonga gonga mbao, nikatikisa kichwa ili yule mwanamke aone kwamba sijapata. Kila nilipopita chini ya lile dirisha nilisikia, na sauti ya kaka ilizidi kupanda. Hakuwa mtu wa kulia. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia, hata siku tulipomzika mama.

Nilizunguka mara ngapi sijui. Mwisho nikachora alama, nikaenda nikagonga.

Kaburu alitoka akihema, ametota jasho. Aliniamuru ning'oe ubao. Niling'oa ule msumari mmoja upesi asiuone, akachungulia ndani, akaona patupu. Aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, amempata mkosaji wake. Kaka alitoka akishika ukuta, shati limegandana na mgongo, na damu nyembamba ikimtoka sikio la kushoto. Kaburu alikuwa amempiga hapo kwa kiganja wazi, mara nyingi.

Nilishindilia manyoya mimi mwenyewe jioni hiyo, nikapigilia misumari minane. Hakuna jogoo aliyeletwa. Kaburu akaweka santuri, akanisimamisha nje, na sikusikia kitu chochote. Alifurahi sana. Aliniandikia barua ya kunisifu, na kwa barua hiyo nilipata kazi Eldoret mjini na mashamba ya kule kunakoitwa Ziwa kwa miaka mingi. Nimelisha watoto kwa barua ile. Ningalikuwa mwanaume ningaliichana.

Kambini nilimwosha kaka mgongo kwa maji ya chumvi. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja.

"Mikono yako ndiyo inatulisha, Fundi," alisema. "Mimi nina mgongo tu."

Sikio lile halikusikia tena.

Shamba liliuzwa baadaye, Kaburu akaenda zake kusini na santuri zake. Kaka alirudi nyumbani akaoa, na miaka mingi ikapita kabla sijapata nafasi ya kumjengea nyumba. Niliijenga kwa mbao nzuri, pembe zote mraba. Na niliifunga yote, kila ubao, kila msumari. Kwa aibu nisingeweza kumwomba kaka jogoo.

Asubuhi ya kumaliza alikuja na jogoo mwekundu kwapani. Akaizunguka nyumba polepole, akipapasa mbao kwa mkono mmoja. Alizunguka mara mbili.

"Mahali pangu pako wapi?"

"Sikuacha," nikasema.

"Ng'oa basi. Nyumba yangu haiwezi kufungwa namna hiyo."

Niling'oa ubao mmoja chini ya dirisha. Nikaweka patasi chini. Nikasogea upande wa sikio lake zima, nikamwambia yale niliyoyabeba miaka yote hiyo, kwamba siku ile nilipajua mahali, kwamba sikuhitaji kupatafuta, kwamba nilikuwa nazunguka tu.

Alimtuliza jogoo aliyekuwa akipiga mabawa.

"Lile tundu lilipitisha sauti pande zote mbili," alisema. "Nilisikia hatua za akala zako kwenye changarawe. Zilifika hapo, zikasimama, halafu zikaenda. Nikadhani hujanisikia. Ndiyo sababu nilikuwa naongeza sauti."

Kisha akanikabidhi jogoo, akasubiri nifunge.