Fedha za Minazi ya Shangazi

Mwanangu, kila nisikiapo serikali inagawa fedha kwa wakulima, damu hunichemka. Chanzo ni asubuhi moja ya miaka ya hamsini pale Pongwe. Nilikuwa kijana wa sekondari, nimerudi likizo na soksi ndefu nyeupe na ushauri mwingi ambao hakuna aliyeniomba.

Serikali ya Mwingereza ilikuwa imetangaza kuwalipa waliofyeka pori na kupanda minazi. Shangazi yangu, Bi Mwantumu, mjane, alikuwa amepanda safu nzima kwenye ardhi ya jumbe wetu, mkuu wa kijiji, kwa ruhusa yake. Kwetu pwani hilo halikuwa na utata: ardhi ni ya mwenye ardhi, mnazi ni wa aliyeupanda, na wanawe wataurithi. Siku ya kupanda alipika wali wa nazi akawalisha majirani, wawe mashahidi.

Siku ya malipo, jumbe alipokea fedha zote, za minazi yake na za minazi ya shangazi. Kisha akamwita mbele ya watu, akamnyooshea noti moja.

"Chukua, Bi Mwantumu, ukanunue kanga. Mimi si mchoyo."

Nikamnong'oneza, "Pokea, Shangazi. Afadhali hicho kidogo."

Akanigeukia. "Huko shuleni wanawafundisha kuhesabu tu? Leo nikipokea zawadi yake, kesho minazi ni yake, na keshokutwa namwomba dafu la mnazi nilioupanda mwenyewe. Nyamaza, baba."

Nikanyamaza. Ndilo jambo la maana pekee nililofanya siku ile.

Akawaelekea majirani. "Nani alikula wali wangu siku ya kupanda?"

Watu wazima, na ndevu zao, wakatazama vidole vya miguu yao. Wengi walilima kwa hisani ya jumbe. Mwanangu, jumbe nimekwisha kumsamehe. Vile vichwa vilivyoinama, bado.

"Hamkula? Basi sufuria ile ilirambwa na paka?"

Mwishowe Mzee Shekue, aliyezeekea kwenye mashamba ya mkonge, akakohoa. "Mimi nilikula. Chumvi ilizidi."

"Ilizidi, na bado ukaomba nyongeza!"

"Niliomba. Na minazi ni ya Mwantumu."

Hapo ndipo wengine nao wakakumbuka kwamba walikula.

Jumbe akairudisha noti mfukoni. Bwana shamba aliyeleta fedha, mgeni wa desturi zetu, akasema serikali inamtambua mwenye ardhi tu, akafunga mkoba wake akaenda zake mjini. Shangazi hakupata hata senti. Jasho lake lililipwa kwa mtu aliyekuwa amekaa kivulini, na hakuna aliyeona haya! Lakini jumbe hakuthubutu tena kuigusa minazi ile, na wajukuu wa shangazi wanaangua nazi zake mpaka leo.

Basi sikia, mwanangu. Nimesoma hadi chuo kikuu na sijapata somo kubwa kuliko lile. Mtu akikudhulumu, kisha akakurudishia kipande kwa tabasamu, usikipokee kama zawadi. Na ukila wali wa mtu uwe shahidi wake, siku akikuita simama. Usingoje mzee mwenye kikohozi akutangulie.

Mungu akujaalie riziki ya jasho lako, akupe majirani wenye sauti, na akuepushe na washauri wa soksi nyeupe.